Ankara ya Maji na Tuhuma za Uani

Jambo nililokusudia kulizungumza nanyi jioni hii si geni katika nyumba za Dar es Salaam, wala si jambo kubwa la kuandikiwa vitabu, walakini limevunja ujirani mwingi kuliko mambo makubwa. Nalo ni hili: ankara ya maji inakuja mwisho wa mwezi, inasomwa mara moja, inasomwa mara ya pili kwa sauti ya chini, na hesabu iliyoandikwa imekuwa maradufu ya ile ya mwezi uliotangulia, ilhali watu wa nyumba ni wale wale, ndoo ni zile zile, na hapakupita harusi wala msiba. Hapo ndipo fadhaa inapoingia, na fadhaa haichelewi kumtafuta mtu wa kubebeshwa.

Tuichukue nyumba ya kupanga, ya namna ile tuliyoirithi Kariakoo, Magomeni, Ilala na Temeke: ukumbi katikati, vyumba vitatu mkono wa kulia na vitatu mkono wa kushoto, uani jiko, bafu na choo, na karibu na mlango wa nje mita moja inayowahesabia wote. Ankara ikija hugawanywa, ama kwa vyumba ama kwa vichwa, na maadamu hesabu ni ya kawaida hakuna asemaye neno. Ikipanda, ugawaji ule ule uliokuwa wa amani hugeuka kuwa mashtaka. Atatazamwa mzazi mwenye mtoto mchanga, kwa sababu kamba yake ya nguo haikauki. Atatazamwa kijana aoshaye pikipiki yake kila asubuhi. Atatazamwa mgeni aliyetoka bara juzi, na hata kuoga kwake kutahesabiwa.

Naijua nyumba moja ya Magomeni ambamo tuhuma za namna hii zilimwangukia mama mmoja auzaye juisi ya ukwaju na barafu. Ilikuwa dhahiri kwa kila mtu kwamba yeye ndiye amalizaye maji, kwa kuwa majaba yake mawili ya buluu yalikaa uani machoni pa wote, akatakiwa alipe mafungu mawili hali wenziwe wanalipa fungu moja moja. Akalipa. Ankara iliyofuata haikupungua, ikazidi. Akahama. Na ile iliyokuja baada ya yeye kuhama ikazidi tena, ndipo mwenye nyumba alipomwita fundi bomba, na fundi yule, kabla hajashika spana, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiri: huu mgomba ulio nyuma ya ukuta wa bafu, nani anaumwagilia? Ulikuwa mwezi wa Februari, jua la kiangazi limekausha kila kitu uani, na mgomba ule ulikuwa na majani mapana mabichi yenye kung'aa, na ubavuni mwake machipukizi yamesimama wima. Walipochimba kiasi cha dhiraa moja walikuta kiungo cha bomba la chuma, pale linapokata kona kwenda bafuni, kimeliwa na kutu hata kikatoboka upande wa chini, na maji yanatoka humo kwa nguvu, yakinywewa na mchanga pasipo kuacha hata tope juu. Yule mama alirudishiwa fedha zake, nami nawasifu waliomrudishia. Lakini chumba alikuwa amekwisha kukipoteza, na wateja wake wa mtaa ule pia.

Kwa hiyo neno langu la leo ni moja, nalo nalisema kwa moyo wangu wote, kwamba nyumba ndiyo ihojiwe kwanza, watu baadaye. Kumtoza mtu fedha kwa dhana, hali ushahidi umekaa mlangoni chini ya kifuniko cha mita ukingoja kusomwa, ni dhulma, ijapokuwa wanaofanya hivyo ni watu wema wasiokusudia dhulma.

Na tuanze na karatasi yenyewe, au ujumbe wa simu, kwa kuwa siku hizi aghalabu ankara hufika kwa njia hiyo. Mwenye nyumba aitazame namba iliyoandikwa kuwa ndiyo usomaji wa mwisho, kisha ainame aisome mita. Ikiwa mita bado haijafika namba ile, basi hapana haja ya kuchimba: msomaji alikosea, au alikuta lango limefungwa akaandika makadirio, na dawa yake ni kwenda ofisi ya mamlaka ya maji na picha ya mita. Iko kadhalika sababu ya hewa, kwani katika mitaa yenye mgao maji yarudipo husukuma mbele yake hewa iliyojaa mabombani, na hewa hiyo huweza kuizungusha mita kana kwamba ni maji. Iko na sababu ya jirani aliyejiunganishia bomba kwa siri. Haya nayapita upesi, kwa kuwa yote hutambulika kwa kutazama tu, ama lile linalonishughulisha ni uvujaji usioonekana.

Mita ya maji ni chombo kiaminifu kuliko sifa iliyopewa na watu. Ndani ya mwili wake mna gurudumu dogo lenye mapezi, lizungushwalo na maji yapitayo, na juu, chini ya kioo, mna tarakimu. Tarakimu nyeusi ni za uniti kamili, na uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Tarakimu au mishale myekundu ni ya sehemu za uniti. Aidha, katika mita nyingi kuna kigurudumu kidogo mno, chenye umbo la nyota au la pembetatu, ambacho watu hukidhani pambo, nacho ndicho kitu cha thamani kuliko vyote vilivyomo chini ya kioo kile, kwa sababu huzunguka hata kwa maji machache yasiyoweza kuisogeza tarakimu nyeusi kwa saa nzima.

Ngojeni, basi, usiku ambao maji ya mtaani yanatoka, kwani bomba lisilo na maji halivuji, na mita ikipimwa siku ya mgao itatoa ushahidi wa uongo. Tangi la juu lijazwe, majaba yajazwe, watu waoge, vyombo vioshwe, na mtu mmoja apite nyumba nzima kufunga koki, asiisahau ile ya bustani wala ile ya choo cha wageni. Kisha aende kwenye mita na tochi, akitazame kile kigurudumu kwa muda wa dakika tano, pasipo haraka. Hata kikiwa kimesimama, aziandike tarakimu zote, nyeusi na nyekundu, akalale, na alfajiri azisome tena kabla mkono wa mtu mwingine haujagusa koki. Zikiwa zile zile, sehemu iliyo kati ya mita na tangi ni salama. Zikiwa zimesogea, yakini imepatikana: maji yametoka usiku kucha hali hapana aliyeyataka, na mwenye mtoto mchanga alikuwa amelala, na mwenye pikipiki alikuwa amelala.

Hapo itabakia kujua mahali. Ifungwe koki iingizayo maji katika tangi, na kigurudumu kitazamwe mara nyingine. Kikisimama, mkosaji ni boya, au uvujaji ulio baada ya tangi. Kikiendelea kuzunguka, mkosaji ni bomba lililozikwa baina ya mita na tangi. Boya la tangi ni kitu kidogo chenye dhima kubwa: likipasuka likanywa maji huzama badala ya kuelea, na koki yake haifungi tena, maji yakapanda hata yakatokea kwenye bomba la kumwagia ziada. Na kwa kuwa msukumo wa maji ya mtaani huwa mkubwa saa ambazo watu wengi wamelala, mafuriko haya hutokea saa nane na saa tisa za usiku, na mchanga huwa umekwisha kukauka kabla jua halijachomoza. Nyumba nyingi za ghorofa hapa mjini zina alama nyeupe ya chumvi iliyoshuka ukutani chini ya tangi, na wenyewe hupita chini yake kila siku.

Ikiwa kigurudumu kilisimama ilipofungwa koki ya tangi, na boya ni zima, basi uvujaji uko baada ya tangi, na huko mita peke yake haitoshi kuonyesha mahali, kwa kuwa yenyewe huyahesabu maji yanapokwenda kulijaza tangi tu. Hapa hutumika ufito mkavu. Ifungwe koki ya kuingizia, ufito utumbukizwe mpaka chini ya tangi, alama ya maji itiwe mkaa. Asubuhi utumbukizwe tena. Katika tangi la duara lenye upana wa mita moja, kila sentimita iliyopungua ni takriban lita 8.

Na katika nyumba zenye vyoo vya kuvuta, mimi sina shaka mahali pa kwanza pa kutazama ni chooni. Koki ivujayo jikoni hupiga kelele, na mtu mwenye usingizi mwepesi ataamka aifunge. Choo huvuja kimya. Chini ya tangi la choo mna raba izuiayo maji yasishuke, nayo kwa umri hukakamaa, au huota ukoko wa chumvi, hasa kwa wale wachanganyao maji ya bomba na ya kisima kilichochimbwa karibu na bahari. Ikisha kukosa kukaa sawa, maji huteremka kwa utando mwembamba ubavuni mwa bakuli la choo, utando usioonekana mpaka mtu aupitishie karatasi kavu. Maji yakipungua tangini, boya lake hufungua mengine, na mchezo huu huendelea mchana na usiku, siku thelathini za mwezi. Kipimo chake kiko jikoni: ile rangi ya chakula watiayo akina mama katika wali wa biriani. Kijiko kidogo kikorogwe ndani ya tangi la choo, mtu yeyote asivute kwa nusu saa, kisha bakuli litazamwe. Likiwa na umanjano, raba haifungi. Na ikiwa rangi haikushuka lakini maji yanaingia katika kile kibomba kilichosimama katikati ya tangi, basi boya limewekwa juu mno, na huteremshwa kwa bisibisi au kwa mkono mtupu.

Koki za kawaida zina kosa lake, na kosa hilo aghalabu tumelifanya sisi kwa nguvu zetu. Raba ya ndani ikianza kuchakaa, koki hudondosha, mwenyewe huikaza, kesho hudondosha tena, naye huikaza zaidi, mpaka ukingo wa chuma uikate raba yenyewe na koki isipone ila kwa kubadilishwa nzima. Laiti ingetiwa raba mpya siku ile ya kwanza! Ifungwe koki kuu, kichwa kifunguliwe kwa spana, raba ya zamani itolewe na kupelekwa dukani iwe kipimo, kwani za nusu inchi na za robo tatu hazibadilishani. Kazi yote haizidi muda wa kuchemsha chai.

Sasa niwaombeni ruhusa nikae kidogo kwenye hesabu, kwa kuwa wengi hawaamini tundu dogo linavyoweza kula. Tundu la milimita moja katika bomba lishukalo kutoka kwenye tangi lililoinuliwa mita tano, likiachwa wazi mchana na usiku, hutoa takriban lita 400 kwa siku, yaani uniti 12 kwa mwezi. Watu sita, kila mmoja akitumia ndoo tatu za lita 20 kwa siku, hutumia lita 360. Maana yake ni kwamba tundu hilo limehamia katika nyumba pamoja na jamaa zake sita, na halilipi kodi. Likiwa katika bomba la mtaani lenye msukumo wa mita ishirini, hutoa maradufu. Na upana wake ukifika milimita mbili, maji hayaongezeki mara mbili, bali mara nne. Kwa hiyo mtu asemaye atalishughulikia mwezi ujao, kwa kuwa ni dogo, na ajue kwamba kutu hailali wala haipumziki siku ya Ijumaa au Jumapili.

Na tuyakumbuke maji yenyewe yalikotoka. Yameanza katika milima ya Uluguru, yakashuka kwa mto Ruvu, yakachotwa katika mitambo ya Ruvu Juu, iliyofunguliwa mwaka 1959, au ya Ruvu Chini, iliyofunguliwa mwaka 1976, yakasafishwa, yakatiwa dawa, yakasukumwa kwa umeme makumi ya kilomita mpaka matangi ya Kibamba na Kimara, na yale ya kilimani Chuo Kikuu, ndipo yakashuka kwetu. Waliokuwapo mjini mwishoni mwa mwaka 2021, mto ulipopungua kwa ukame na mgao ukaingia hata mitaa isiyouzoea, wanakumbuka foleni za madumu na bei ya ndoo moja mlangoni. Waislamu miongoni mwetu hufundishwa tangu chuoni kwamba israfu ya maji haipendezi hata kwa mtu atawadhaye ukingoni mwa mto uendao. Basi itakuwaje kwa maji yaliyosafiri hivi, yakazama mchangani nyuma ya bafu?

Liko na la hatari zaidi ya fedha. Bomba lililotoboka, maji ya mtaani yakiwa yanatoka, husukuma nje. Lakini mgao uingiapo na msukumo ukaondoka, tundu lile lile huvuta ndani kilichoko nje yake, na katika nyua zetu, ambako shimo la choo na bomba la maji huwa mbali hatua chache tu, kilichoko nje si maji ya mvua. Maji yanaporudi hubeba uchafu huo mpaka kwenye jaba na kikombe. Ndiyo sababu ya mimi kusema kwamba nyumba yenye watoto haina ruhusa ya kungojea ankara ya tatu.

Kulitafuta bomba lililozikwa ni elimu ya mafundi, ila dalili zake zinaweza kusomwa na yeyote: majani mabichi mahali pamoja hali pengine pamekauka, rangi ya ukuta inayobanduka chini karibu na sakafu, simenti yenye ubaridi na unyevu usiokwisha, koki ya juu iliyopoteza nguvu pasipo sababu. Nimewaona mafundi wa zamani wakingoja mtaa utulie usiku, kisha wakisimamisha nondo au bisibisi ndefu juu ya bomba, na ncha ya pili wakaitia sikioni, kama tabibu asikilizaye kifua cha mgonjwa. Maji yanayopenya tunduni hutoa mchirizo wa sauti, na mchirizo huo huongezeka kadiri msikilizaji anavyolikaribia tundu. Kwa njia hii huchimba shimo moja badala ya kuuvunja ua mzima.

Katika kutengeneza, nawasihi msikubali ufungaji wa mpira wa ndani wa baiskeli na waya, isipokuwa kwa usiku ule mmoja wa dharura. Chuma kilichotoboka kwa kutu mahali pamoja kimekonda na kwingineko, hasa katika udongo wetu wa pwani wenye chumvi, na kuziba tundu moja ni kulialika la pili. Sehemu ile yote ikatwe, iwekwe bomba la plastiki, na lizikwe chini ya kutosha ili gurudumu la gari au mkokoteni lisilifikie. Viungo vya kukaza kwa uzi vitiwe katani na rangi, kama walivyofanya wazee, au tepu nyeupe iuzwayo madukani, ikizungushwa kufuata upande wa kukazia, kwa maana ikizungushwa kinyume hujikunja na kutoka yote kiungo kinapoingia. Viungo vya gundi visafishwe na kukaushwa kwanza, na maji yasifunguliwe mpaka gundi ishike. Ikiwa uvujaji uko upande wa mtaani, kabla ya mita, usiuguse: dhima yake ni ya mamlaka ya maji, na kazi yako ni kuwapa habari na kuitunza namba ya taarifa. Baada ya mita, dhima ni ya nyumba, na wapangaji na mwenye nyumba wakubaliane mapema nani hulipa nini, kabla jambo halijatokea na nyuso hazijakunjamana.

Ningependa pia kila nyumba ya namna hii iwe na daftari moja dogo, likining'inizwa nyuma ya mlango wa ukumbini, ambamo kila mwisho wa juma mtu mmoja, kwa zamu ya vyumba, huandika tarehe na namba ya mita. Ankara ikizidi, daftari litaonyesha ni juma gani matumizi yalipoanza kuzidi, na hapo huulizwa nini kilitendeka juma lile: ukuta ulichimbwa? gari la mchanga lilipita juu ya bomba? tangi lilibadilishwa? Kwa daftari hilo, mama wa juisi ya ukwaju angeonyesha kwamba siku zile alizokwenda kwao kwenye arubaini ya baba yake, majaba yake yakiwa makavu, namba zilipanda vile vile.

Na fundi akimaliza, msimruhusu kufukia shimo siku ile ile, hata akisema ana kazi nyingine Mbagala. Bomba lilale wazi usiku mmoja, maji yakiwa ndani yake kwa nguvu zake zote. Tarakimu ziandikwe usiku, zisomwe alfajiri, na mikono ipitishwe chini ya kila kiungo kutafuta unyevu. Zikiwa hazikusogea, shimo lifukiwe, na fundi apewe fungu lake lililosalia.